Saini ya Andendekisye

Kwa miaka saba Yusta Kalinga na Andendekisye Mwaisaka walifanya kazi moja bila kuonana uso kwa uso. Yusta alikuwa Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, akifundisha kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi cha kanisa. Mwenzake alikuwa Ilomba, Mbeya, fundi wa kompyuta aliyefungua ofisi katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoachiwa na baba yake. Basi la asubuhi lingeweza kuwakutanisha siku yoyote kabla ya jioni. Kila mwaka waliahidiana kukutana likizo ya Desemba, na kila Desemba likazuka jambo.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuieleza. Mama yake Yusta alishauliza mara nyingi, na mwisho akaridhika kuwaambia majirani kwamba mwanawe anafunga vifurushi, jambo ambalo kwa kweli halikuwa mbali na ukweli. Chuo kilikuwa na kompyuta ishirini na mbili za msaada, zote za aina ambayo viwanda viliacha kuitengeneza zamani. Mfumo pekee uliokubali kukaa ndani yake ulikuwa ule wa bure, unaotunzwa na watu wa kujitolea walioko nchi mbalimbali. Mfumo huo una ghala lake kwenye intaneti. Ukitaka programu unaandika jina lake, na mashine inaifuata ghalani, inaifungua na kuipanga yenyewe. Lakini lazima kwanza awepo mtu wa kuipika programu hiyo kutoka kwenye msimbo wake mbichi, yaani maandishi ya aliyeiunda, aifunge vizuri na kuiweka ghalani.

Iliyokuwa nzito kuliko zote ni kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mwanafunzi kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukifanya. Bila kompaila hufundishi uandishi wa programu, unafundisha kuchapa barua tu. Kuipika kwenye mashine moja ya Kalenga kulichukua siku nne mfululizo, na umeme ukikatika katikati, unaanza upya.

Watunzaji wa mfumo walipotangaza kwamba hawataipika tena kompaila kwa ajili ya mashine za zamani, Yusta aliwaandikia barua ndefu ya kulalamika kwenye ukurasa wao wa majadiliano. Alijibiwa na mtu mmoja, tena kwa Kiswahili. Mtu huyo alisema yuko Ilomba, ana mashine yenye nguvu na betri za sola, na kulalamika hakupiki kitu. Yeye atapika na kufunga. Mwalimu ajaribu kwenye mashine zake na kusema kama inafanya kazi. Ndivyo walivyoanza.

Andendekisye ndiye aliyekuwa na saini. Kila kifurushi kinachoingia ghalani hutiwa saini ya siri, na mashine isipoitambua hukikataa kifurushi hicho. Ili apewe haki hiyo, alisafiri hadi Nairobi na kitambulisho chake akaonane na watunzaji wawili, wamthibitishe kwa macho yao. Saini yake ilikaa ndani ya kompyuta yake, imefungwa kwa nenosiri refu ambalo hakuliandika popote. Yusta alimwomba mara mbili au tatu aliandike na kulificha mahali. Alijibu kwamba neno likishaandikwa si la siri tena.

Mwaka wa saba vifurushi vyao vilitumiwa na shule na vyuo kumi na sita, kuanzia Ilula hadi Rujewa, na vingine Njombe na Tukuyu. Hakuna mtu aliyewashukuru kwa hilo, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba kuna watu. Walimu waliwasha mashine, mashine zikafanya kazi.

Jumanne moja ya mwezi wa tano wanafunzi wa Yusta waliwasha mashine, na hakuna kompaila iliyoitika. Kifurushi kipya kilikuwa kimeingia ghalani Jumatatu asubuhi, kikaifuta kompaila ya zamani kama inavyotakiwa, lakini hicho kipya kilikuwa kimefungwa bila kipande kimoja muhimu. Kilikuwa kama jembe lisilo na mpini. Kabla ya saa nne walimu wenzake wa kompyuta walianza kumpigia simu kutoka Mafinga, kutoka Njombe, kutoka kila upande. Ilikuwa imebaki wiki tano mitihani ya vitendo ianze.

Kilichomshangaza Yusta ni kwamba kifurushi hicho hakikupita kwake kujaribiwa. Andendekisye hakuwahi kuruka hatua hiyo hata siku moja, na hilo ndilo lililopaswa kumshtua. Badala yake lilimkasirisha. Alipiga simu mara sita, haikupokelewa. Akamwandikia kwamba amefunga kifurushi kibovu na shule kumi na sita zimekaa. Mchana, simu za walimu zilipozidi, akaandika tena: kama kazi imekuchosha ungesema mapema, uzembe wa namna hii sikuutarajia kwako.

Alhamisi simu iliingia kutoka namba ya Andendekisye. Aliyezungumza ni mwanamke, akajitambulisha kuwa ni Ikupa, dada yake mkubwa. Alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Jumatatu, kabla ya saa sita, mteja alimkuta Andendekisye ameanguka sakafuni mbele ya kompyuta yake. Ni kiharusi. Upande wa kulia umelala, na maneno yamekwenda. Yuko wodini, macho yamefunguka, anatambua watu.

"Simu yake ilikuwa inalia sana," Ikupa alisema. "Meseji zako nilimsomea. Nilidhani ni za kumpa pole."

Yusta alikaa kwenye ngazi za darasa na simu sikioni. Alianza kuomba radhi, na Ikupa akamwambia tu kwamba salio linaisha.

Siku zilizofuata alifanya alichoweza. Alianza kuipika kompaila upya kwenye mashine iliyo bora kuliko nyingine pale chuoni. Umeme ulikatika siku ya pili, akaanza tena. Ukakatika siku ya tatu, akaanza tena. Mara ya tatu ikafika mwisho, akaifunga na kipande chake kilichokosekana, akaijaribu, ikafanya kazi. Sasa alikuwa na kifurushi kizima kwenye flashi, na hakuwa na saini ya kukiingiza ghalani.

Aliwaandikia watunzaji wa mfumo akawaeleza yaliyompata mwenzake. Walijibu kwa upole, wakasikitika. Lakini saini ya mtu haiazimishwi, walisema, na yeye hawawezi kumpa yake mpaka athibitishwe na watunzaji wawili watakaomwona ana kwa ana, nao kwa sasa hawakuwa na mtu Afrika Mashariki. Wale wa Nairobi walishaacha. Zaidi ya hapo, sehemu ya ghala ya mashine za zamani ilikuwa imebaki na mtunzaji mmoja tu, naye ni huyo aliyelazwa. Kwa kanuni zao, kifurushi kibovu kisiporekebishwa hadi mwisho wa Juni, sehemu yote itafungwa.

Andendekisye aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Yusta aliomba ruhusa ya siku nne. Mkuu wa chuo, Padri Liberatus, alimpa bila maswali. Alipanda basi la asubuhi, flashi ikiwa ndani ya mkoba, na alasiri akashuka Ilomba kwenye ubaridi na vumbi la barabara kuu. Ikupa alimpokea kituoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mwalimu wa shule ya msingi kule Uyole, aliyehamia kwa mdogo wake ili amuuguze.

Kwa sababu ya ujumbe wake mfupi wenye amri nyingi, Yusta alikuwa amemfikiria Andendekisye kuwa mtu wa miraba minne. Aliyemkuta kwenye kiti karibu na dirisha alikuwa mwembamba na mfupi, wa miaka thelathini na minane, amevaa sweta mbili, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Alimtazama Yusta kwa muda. Dada yake alipotaja jina la mgeni, nusu ya uso wake ikacheka.

"Ndaga," alisema.

Ikupa alieleza kwamba hilo ndilo neno lililobaki. Kwa Wanyakyusa ni asante, au ni kuitikia salamu. Kwake sasa lilikuwa kila kitu, njaa, maji, hapana, usingizi. Daktari alisema huenda lugha ya nyumbani ikarudi kwanza na Kiswahili baadaye. Huenda.

Yusta alivuta kigoda akakaa karibu naye, akamwambia aliyokuja nayo moyoni tangu Iringa. Kwamba aliandika maneno mabaya bila kujua. Kwamba si mzembe na hajawahi kuwa mzembe. Andendekisye alimsikiliza macho yakiwa kwenye midomo yake, kisha akasema ndaga, na Yusta hakujua kama amesamehewa au ameombwa anyamaze.

Asubuhi ya siku ya pili, baada ya chai, aliomba kuiwasha ile kompyuta. Ikupa hakupenda, lakini Andendekisye alikwishaelewa na akaanza kujiinua kitini. Wakamsogeza mbele ya mashine yake. Yusta alichomeka flashi, akakipeleka kifurushi mpaka hatua ya mwisho, mahali ambapo mashine inasimama na kuuliza nenosiri. Akakiweka kibodi chini ya mkono wa kushoto.

Mkono ulijua kitu. Herufi sita za kwanza ziliingia bila kusita. Kisha mkono ukasimama hewani, ukazunguka juu ya vitufe, ukabonyeza, ukabonyeza. Mashine ikakataa. Akaanza tena, zile sita zikaja, nyingine zikatoweka. Mara ya tatu vilevile. Mara ya tano jasho lilikuwa limejitokeza kwenye paji la uso wake, ingawa chumba kilikuwa cha baridi.

Ikupa alisema inatosha. Andendekisye akatikisa kichwa, akaanza tena, na Yusta hakumzuia. Baadaye alijiambia kwamba alikuwa akiheshimu nia yake. Ukweli ni kwamba alikuwa akiziona shule moja moja kichwani, na alikuwa akihesabu vitufe. Mara ya tisa, Ikupa alipoushika mkono wa mdogo wake, Yusta alisema, "Mara moja tu, dada. Mara moja ya mwisho."

Andendekisye alijaribu hiyo mara moja. Mashine ilipokataa, alikipiga kibodi kwa ngumi, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyeishiwa pumzi. Ikupa alichomoa waya ukutani. Alimfuta uso, akamrudisha dirishani, akamfunika, kisha akarudi na kusimama mbele ya Yusta.

"Dada Yusta, wewe ni mgeni wangu na nimekupokea kwa moyo mmoja," alisema. "Lakini niambie. Umekuja kumwona mtu, au umekuja kuchukua kitu?"

Yusta alifikiria kusema uongo. "Vyote viwili," alisema.

"Basi ulichokuja kuchukua hakipo. Mtu yupo. Ukitaka kukaa naye, kaa."

Alikaa. Mchana ule hakugusa mashine. Alimlisha uji, akamsimulia habari za Kalenga, za wanafunzi waliopita, za yule aliyeajiriwa Dodoma kuandika programu. Siku ya tatu, kwa ruhusa ya Ikupa, alipekua madaftari ya kazi, yote kumi na moja. Yalikuwa safi, yamejaa tarehe na maelezo, na nenosiri halikuwamo. Kilichokuwamo, ndani ya lile la nane, ni fomu ya mradi ya kupendekeza mtunzaji wa pili. Jina la Yusta liliandikwa juu, na sehemu ya Andendekisye ilikuwa imejazwa yote. Alikuwa amemshuhudia kwa maneno mazuri: kwamba kwa miaka mitano hajawahi kupitisha kifurushi kibovu. Sehemu ya mpendekezwa ilikuwa tupu.

Yusta aliikumbuka fomu hiyo. Alitumiwa nakala miaka miwili nyuma, wakati wale wa Nairobi walipokuwa bado wapo. Ilihitaji asafiri. Alimjibu Andendekisye kwamba muhula umembana, watazungumza mwakani. Mwakani ilipofika hakuna aliyekumbusha.

Hakumwonyesha mtu karatasi ile. Aliirudisha ndani ya daftari, na kesho yake akapanda basi kurudi Iringa.

Kompyuta za chuo aliweza kuziokoa kwa mkono. Alitengeneza saini yake mwenyewe, isiyotambuliwa na ghala lolote, akaenda mashine moja baada ya nyingine akizifundisha kuiamini, kisha akaweka kompaila kutoka kwenye flashi. Ilimchukua siku mbili. Jumamosi zilizofuata alikwenda Ilula, Mafinga, kisha mpaka Makambako, akifanya vilevile. Shule ya nne alikokwenda, mwalimu wa kompyuta, kijana mpole aitwaye Eliezeri, alimfungulia stoo. Mashine zilikuwa zimepangwa sakafuni chini ya madawati yaliyovunjika, nyaya zimefungwa mafundo. Eliezeri alieleza kwamba mkuu wa shule alisubiri wiki tatu, akaona mashine hazifai tena, akakitoa chumba kwa kazi nyingine. Yusta alimuuliza kwa nini hakupiga simu. Alijibu kwamba alipiga ile Jumanne, na mwalimu Yusta alimwambia kosa ni la mtu wa Mbeya, wasubiri.

Hakwenda shule ya tano. Tarehe thelathini Juni sehemu ya mashine za zamani ilifungwa, kama walivyosema. Haikuwa kompaila peke yake. Kila kitu kilichokuwa ghalani kwa ajili ya mashine zile kiliondolewa, programu za kuandikia, za hesabu, hata ule mfumo wenyewe. Kuanzia siku hiyo mashine ikiharibika diski, hakuna pa kuchukulia kitu cha kuirudisha. Kwenye ukurasa wa majadiliano mtu mmoja aliandika kwamba kwa takwimu zao sehemu hiyo haikuwa na watumiaji wa kutosha. Yusta alianza kuandika jibu, akalifuta. Takwimu zilihesabu mashine zinazofika ghalani zenyewe, na nyingi za shule zile zilipata intaneti kwa kupokezana simu ya mwalimu, hivyo mashine nyingi zikahesabiwa kama moja.

Wanafunzi wake thelathini na mmoja walifanya mtihani wa vitendo. Walikuwa wamekosa mazoezi kwa karibu wiki tatu zile za muhimu, na matokeo yalionyesha hivyo. Waliofaulu ni kumi na wawili. Padri Liberatus hakumlaumu. Alimwita ofisini, akampa kiti, akamweleza kwamba bodi imekaa. Kozi ya programu haitapokea wanafunzi wapya. Chumba kitakuwa cha ushonaji, fundi wa Kalenga amekwisha kuja kupima mahali pa cherehani. Yeye atabaki, atafundisha hesabu za awali.

"Ulijitahidi, Mwalimu," alisema.

Yusta alimshukuru.

Mwezi wa tisa Ikupa alipiga simu kusema anamhamishia Andendekisye kwa mama yao, Rungwe, kwa kuwa yeye hawezi kufundisha Uyole na kuuguza Ilomba kwa wakati mmoja. Chumba cha mbele amekipangisha kwa kinyozi. Aliuliza kama Yusta anaitaka ile kompyuta. Saini ilikuwa bado imo ndani yake, imefungwa, na hapakuwa na ghala lolote duniani la kuipokea. Yusta alimwambia amgawie mwenye shida.

Tangu hapo akawa anapiga simu Jumapili baada ya ibada. Ikupa, akiwa ameenda kuwasalimu, humwekea mdogo wake simu sikioni, na Yusta huzungumza peke yake dakika tano au sita, juu ya mvua, juu ya maharage, juu ya mama yake. Hakuwahi kumweleza habari za ghala. Kuhusu kazi hakusema lolote, na upande wa pili ulikuwa pumzi tu, na mara nyingine kuku.

Jumapili moja ya Oktoba pumzi ile ilibadilika. Yusta alinyamaza akasikiliza. Palikuwa na jitihada, kama mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa maji, kisha neno likatoka, la Kiswahili, limepinda lakini linasikika.

"Zinawaka?"

Angeweza kusema zinawaka. Lakini kwa miaka saba hawakuwahi kudanganyana juu ya kifurushi. Kibovu kiliitwa kibovu siku hiyohiyo, na ndiyo sababu vifurushi vyao vilikuwa vizuri.

"Hapana, Andendekisye," alisema. "Walifunga sehemu yote. Haiwaki hata moja, isipokuwa chache nilizozirekebisha kwa mkono, na za hapa nazo zinatolewa."

Yusta alisubiri, akaita jina lake, akasubiri tena. Baadaye simu ikachukuliwa na Ikupa, akauliza amemwambia nini, mbona amegeukia ukutani. Yusta alimwambia. Ikupa akasema, bila hasira, kwamba ingekuwa vizuri asipige kwa muda, mpaka atakapoambiwa.

Jumatatu yake mafundi walikuja kutoa meza. Yusta aliwaonyesha mahali pa kuziweka kompyuta, barazani, kwa muda, mpaka ipatikane nafasi. Kengele ilipolia alichukua chaki akaenda darasa la hesabu, akaandika sehemu za kugawanya ubaoni, akawauliza wanafunzi nani anajua kuanza.

Novemba mvua za kwanza zilinyesha upande ule wa baraza zilikowekwa kompyuta. Ikupa hakupiga simu.